Kola za Moriba

"Hiki ni nini?" Mzee Harrison aliuliza.

Mzee alikuwa amekishika kitu chenyewe kwa ncha za vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na shati lake jeupe la vikao. Kilikuwa kinono, chekundu, mfano wa njugu kubwa iliyomenywa. Mezani, juu ya kitambaa cha kufuma ambacho Mama Philister hakitandiki ila kwa wageni wazito, kulikuwa na mfuko wa karatasi uliojaa vingine kama hicho, vyekundu na vyeupe, vimefunikwa kwa majani mabichi.

"Nauliza mara ya pili. Hiki ni nini ndani ya nyumba yangu?"

"Ni kola, Baba," Kemunto akasema.

"Sijakuuliza wewe. Nimemuuliza kijana."

Kijana mwenyewe, Moriba Sakiliba, alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, chini ya picha ya Kemunto ya siku alipohitimu uuguzi. Alivaa kanzu pana ya samawati iliyotariziwa kifuani, mikono yake mirefu imetulia magotini. Tangu aingie alikuwa amesalimia tu, akainama, akanyamaza. Alimtazama Kemunto mara moja, haraka, kisha akarudisha macho chini.

Natasha, mdogo wake Kemunto, alikuwa na simu mkononi kama kawaida yake. "Dad, ngoja, nai-google. Okay. Inasema ina caffeine. Ni kama Coke tu."

"Kafeini!"

Loo, afadhali angesema bangi! Hii ilikuwa nyumba ya mzee wa kanisa, Msabato wa kweli kweli, nyumba ambayo majani ya chai hayajawahi kuvuka kizingiti tangu familia ihamie Maple Grove, huku Marekani. Mgeni akija hapa hunyweshwa mchaichai na uji wa wimbi, apende asipende.

"Inatafunwa?" mzee akauliza.

"Inatafunwa, Baba."

"Inafukuza usingizi?"

Kemunto akaitikia kwa kichwa.

"Basi ni miraa. Imebadilisha nguo tu. Kijana amekuja kuniomba binti na mfuko wa miraa!"

Kando ya Moriba, Mugisho alijifuta jasho kwa mkono wa koti ambalo halikuwa lake. Mugisho huyu, Mkongo wa Bukavu, mpiga gitaa la besi, ndiye aliyeletwa awe mshenga. Njia nzima kutoka kwao Hopkins, Moriba alikuwa akimfundisha: simama kwanza, taja baba na babu wa binti, weka kola mikononi mwa mwenye nyumba, sema tumekuja kutafuta mke. Mugisho aliitikia kila neno. Walipofika, mlango ukafunguliwa, na kabla hawajakung'uta theluji miguuni mzee akawapokea na wimbo wake wa kila siku: "Fungeni mlango! Mnataka kupasha joto Minnesota nzima?" Basi Mugisho maneno yote yakampotea. Aliweka mfuko mezani, akasema, "Baba, tumewaletea kitu kidogo ya kula," akakaa. Ndivyo posa ilivyogeuka vitafunio.

"Baba, mutusamehe," sasa akajaribu tena. "Iko ivi. Ile kola, kwabo Moriba, iko kitu ya heshima sana..."

"Wewe ni ndugu yake?"

"Hapana, Baba. Niko mupiga gitare wake."

Mzee Harrison akamgeukia mkewe. "Umesikia, Philister? Posa imeletwa na bendi."

Natasha akaguna kicheko, akakatwa jicho, akanyamaza. Kemunto hakucheka hata kidogo. Alikuwa akiutazama ule mfuko, maana yeye peke yake katika familia nzima ndiye aliyejua uzito wa kilichokuwa ndani yake. Yaani, yeye na mama yake.

Kwao Moriba, huko Guinea, kola zikipokelewa na kugawiwa ndugu wa binti, binti ameposwa. Zikirudishwa, mambo yamekwisha, na mwanamume hazileti tena kwenye mlango huo huo. Kemunto alimweleza mama yake hayo wiki iliyopita wakisukuma chapati jikoni. Mama Philister alisikiliza bila kuinua macho kwenye unga. Aliuliza jambo moja tu: "Na wa kwanza kupewa ni nani?"

"Shangazi wa binti, Mama. Ndiye anayetangulia."

"Mh," mama yake akasema, akaendelea kusukuma.

Kemunto alikuwa amekwisha kumsihi Moriba waachane na kola zote. Si waende tu mahakamani mjini Minneapolis, waweke sahihi, wale pizza, yaishe? Moriba alikataa katakata. "Maisha yangu yote niko nasimama ku harusi za watu, nashuhudia," alimwambia kwa Kiswahili chake alichookota kwa akina Mugisho. "Yangu nifanye kama mwizi? Hapana, Kemunto. Nitaingia kwa mlango." Mjomba wake wa New York, ambaye ndiye angepaswa kuleta kola, alimkatia simu. Alisema jeli huoa jeli, na yeye habebi kola kumpelekea muuguzi asiyejua hata wimbo mmoja.

Jeli, ndivyo wanavyoitwa kwao watu wa koo zilizozaliwa kutunza majina. Wanajua nani alimzaa nani, nani alimsaidia nani, nani alimkosea nani, na yote wanayaimba. Moriba alirithi kazi hiyo na balafoni, marimba ya kwao yenye vibuyu chini ya mbao. Kisha akafanya lake. Akavifunga vile vibuyu vipaza sauti, akaleta besi ya rumba na midundo ya kompyuta, na vijana wa miji yote miwili, Minneapolis na Saint Paul, wakawa wanajaa kumsikiliza.

Hata kukutana kwao kulikuwa kwa ugomvi. Kemunto alikuwa amepanga nyumba Hopkins, kwenye maghorofa ya zamani yenye sakafu nyembamba, na alikuwa akifanya shifti za usiku. Saa tatu asubuhi ndiyo saa yake ya kulala. Na saa tatu asubuhi, chini ya kitanda chake, mtu akaanza kugonga mbao. Siku ya kwanza alivumilia. Siku ya pili alishuka na kofia yake ya kulalia na malapa, akaugonga ule mlango kwa ngumi.

"Kuna watu wanatoka kazini wanataka kulala!"

Mlango ulifunguliwa na mwanamume mrefu mwenye macho ya upole na vijiti viwili mkononi. Alimwangalia, akasema, "Pole, dada. Baba yako anaitwa nani?"

"Unataka kunishtaki kwa baba yangu?"

"Jina yake tu."

"Harrison. Kwani?"

"Na baba yake?"

"Onsongo." Hakujua kwa nini alikuwa anajibu.

"Na wake?"

"Nyakundi. Wewe ni polisi?"

Moriba akarudi kwenye balafoni yake, akakaa, akafumba macho. Aliyaanza yale majina polepole, moja juu ya jingine, Nyakundi chini kabisa kwenye mbao nzito, Onsongo katikati, Harrison juu, kisha akamwongeza yeye, Kemunto, kwenye mbao nyembamba zinazolia kama kicheko. Mugisho, aliyekuwa mle ndani na gitaa lake, akaingiza besi. Kemunto akasimama pale mlangoni na malapa yake. Miaka yote ya Marekani watu walikuwa wamemuuliza tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu. Hakuna aliyewahi kumuuliza babu yake alikuwa nani. Usingizi ulimruka moja kwa moja.

"Na wewe?" aliuliza wimbo ulipokwisha. "Baba yako ni nani?"

Moriba akacheka. "Jeli haulizwi. Jeli anauliza."

"Mimi nakuuliza."

Ilichukua kipupwe kizima kumtoa majina ya ukoo wake. Jeli kinywa chake ni cha wengine, alimweleza. Kwa ajili yake mwenyewe hana kinywa, hasa siku ya posa. Akijisifu ameivunja kazi yake. Ndiyo maana leo, kwenye kochi la Maple Grove, mwanamume aliyeweza kuliza ukumbi mzima alikuwa amekaa kimya kama aliyekatwa ulimi.

"Mimi si mtu mbaya," Mzee Harrison alikuwa anasema sasa, sauti ameishusha, na Kemunto alijua akiishusha ndipo pabaya. "Kijana, nitakupa njia. Jumatatu njoo kwenye nyumba ya kutunzia wazee ninayoisimamia. Nitakuingiza, uanze kwa kuwahudumia wazee. Usome. Miaka miwili, mitatu, uwe muuguzi. Hayo mambao yako uyauze, au uyaweke stoo, shauri yako. Halafu uje na watu wazima, tuongee. Unasemaje?"

Moriba aliinua kichwa. Alimtazama mzee kwa heshima, akatikisa kichwa kulia na kushoto, taratibu, ili pasiwe na shaka.

"Anakataa?" Mzee Harrison hakuamini. "Hata asante hana? Mtu anayekula kwa mdomo wake, leo hana mdomo? Kemunto, Alfred wa Lakeville ni mfamasia. Ana nyumba. Alikaa hapo hapo akaongea na mimi saa nzima!"

"Aliongea juu ya gari lake, Baba."

"Aliongea! Huyu ni bubu!"

Kemunto akasimama. Hakuwa amepanga. Miguu ilimtangulia, akajikuta katikati ya kapeti, mbele ya meza.

"Basi nitasema mimi," akasema.

"Kaa chini."

"Sikai, Baba. Umeuliza huyu ni nani, na mshenga ameshindwa. Mimi najua. Leo jeli wake ni mimi."

Moriba aligeuka akamtazama, mdomo wazi. Kemunto alihisi joto likimpanda mashavuni, lakini kurudi nyuma? Thubutu!

"Huyu ni Moriba, wa Nfamara. Nfamara wa Siriman, Siriman yule aliyekaa katikati ya koo mbili zilizotaka kuuana kwa ajili ya kisima, akapiga balafoni mpaka zikachoka kukasirika. Siriman wa Kaniba. Kaniba alikuwa mwanamke, Baba, na alikuwa kipofu, na hakuna jina la mtu hata mmoja lililowahi kumpotea. Watu walitembea siku nzima kwenda kumuuliza mababu zao wenyewe. Huo ndio ukoo uliokaa kwenye kochi lako." Akamwelekezea Moriba mkono. "Na Moriba ndiye aliyeitia balafoni umeme. Baba yake akamwambia ameiua. Haijafa! Mimi nimeisikia, imenipita chini ya kitanda changu, na ilikuwa inaita jina la babu yangu. Wewe mwenyewe, Baba, mara ya mwisho kumtaja Babu Onsongo humu ndani ilikuwa lini? Natasha, babu yake baba anaitwa nani?"

"Umm," Natasha akasema.

"Unaona? Huyu anajua. Mgeni wa Guinea anajua. Kwao wanamkataza kunioa kwa sababu mimi si jeli. Hapa mnamkataza kwa sababu yeye si muuguzi. Mimi nimechoka kungoja watu wamalize kukataa. Nampenda! Nilisemee wapi tena?"

Moriba aliweka mkono usoni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na Kemunto akajua analia. Mwanamume aliyeimba majina ya kila mtu, na ya kwake mwenyewe hayakuwahi kutajwa mbele ya watu.

"Mwanamume wa kweli," Mzee Harrison akasema, lakini kwa sauti iliyopungua, "hujisemea mwenyewe."

"Ulijisemea wewe?"

Si Kemunto aliyeuliza. Alikuwa Mama Philister, kutoka kiti chake cha karibu na jikoni, ambako hakuwa ametia neno tangu wageni waingie.

"Philister, usianze."

"Nauliza tu, Baba Kemunto. Siku ile Kisii, mlipokuja kwetu. Aliyesema ni mshenga wenu. Wewe hukutoa neno. Uliangalia viatu vyako mpaka chakula kikapoa. Na viatu vyenyewe vilikuwa vya kuazima."

Natasha akajifunika uso kwa mto wa kochi. Mzee Harrison akaitazama miguu yake mwenyewe. Kwa sekunde chache alionekana kijana kidogo, na Kemunto akamwonea huruma. Kisha mzee akakirudisha kile chekundu mezani, akakisukumia mbali.

"Hivyo vitu virudi vilikotoka. Nimemaliza."

Kemunto akakiokota. Kola ina mstari katikati, mahali inapotaka kugawanyika. Alitia ukucha, ikapasuka vipande.

"Kemunto. Ukitafuna hiyo..."

"Nini, Baba? Sema."

Kemunto akatia kipande mdomoni, akauma. Mama yangu, uchungu! Ulimi ulikauka, macho yakamjaa maji, mwili wote ulimwambia ateme. Alitafuna. Alitafuna akimkazia baba yake macho, mpaka kikaisha, kisha akachukua glasi ya maji mezani akanywa, na maji yakawa matamu, matamu kama yametiwa sukari, vile vile Moriba alivyomwambia yatakuwa.

"Philister," Mzee Harrison akasema polepole. "Kusanya hivyo vilivyobaki. Wape waende navyo. Sasa hivi."

Mama Philister akainuka. Alichukua mfuko, akaingia nao jikoni. Alikawia. Kulisikika kabati, kulisikika karatasi ya kufungia chakula, na sauti yake ikiongea chini chini. Aliporudi, mfuko ulikuwa umekunjwa mdomo vizuri. Alimpa Moriba kwa mikono miwili, na Moriba akaupokea kwa mikono miwili, akainama. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umezimika.

Kemunto hakuchukua hata koti. Aliwafuata wageni nje, na nyuma yake sauti ya baba yake ikampigia kelele: "Mlango! Fungeni mlango!"

Gari la bendi, kuukuu, lilikuwa limeegeshwa mbele ya gereji. Mugisho aliingia akaliwasha, akaegemeza kichwa kwenye usukani. "Nimeharibu kila kitu," akasema. "Kitu kidogo ya kula! Mimi ni mujinga."

Moriba alisimama kwenye theluji, mfuko umening'inia mkononi. "Umesema majina yangu," akamwambia Kemunto. "Sitasahau ata siku moja. Lakini zimerudi. Kola ikirudi, iko mwisho. Mimi nitasema nini kwa wazee wangu?"

"Utawaambia nimekula yangu. Hiyo hairudi. Baba hawezi kuitoa tumboni mwangu!" Meno yake yalikuwa yanagongana kwa baridi. Moriba alivua skafu yake amfunge shingoni, na ili apate mikono akamkabidhi mfuko.

Kemunto akaushika, akakunja uso.

Mfuko ulikuwa wa moto.

Aliufungua. Chapati. Chapati nne, zimefungwa kwenye karatasi ya fedha, bado zinatoa mvuke. Akaingiza mkono hadi chini. Hakukuwa na jani. Hakukuwa na kola hata moja. Akainua macho kwenye dirisha la jikoni, na mama yake alikuwa pale, simu sikioni, shavu moja limevimba, anatafuna kwa uso uliokunjamana.

Kabla hajaweza kusema neno, simu yake mwenyewe ikalia mfukoni.

"Kemunto!" Alikuwa Shangazi Susan, dada mkubwa wa Mzee Harrison, mtu pekee katika jimbo lote la Minnesota aliyeweza kumwambia mzee akae chini na akakaa. Kulisikika injini ya gari. "Mama yako ananiambia kuna kitu changu huko kwenu, ati mimi ndiye natangulia kupewa. Sasa mbona naambiwa kwa simu kama jirani? Niko njiani, niko karibu kabisa. Na huyo kijana asiondoke! Nataka kumwona."

Simu ikakatwa. Kemunto alibaki ameishika, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Hazijarudi," akasema. "Moriba, hazijarudi! Mama amezigawa!"

Moriba alimtazama. Akatazama dirisha. Kisha uso wake ukawaka taratibu, akageuka, akapiga bodi ya gari kwa kofi. "Mugisho! Zima gari. Fungua nyuma."

"Hapa? Inje? Na hii baridi?"

"Kola imepokelewa. Sasa niko na kinywa."

Waliishusha balafoni wakaiweka kwenye theluji, katikati ya njia ya gari, na Mugisho akavuta waya wa kipaza sauti kutoka kwenye betri. Jirani wa ng'ambo aliacha kusukuma theluji akasimama na koleo lake. Moriba akapiga magoti na kanzu yake ya samawati, vijiti mkononi.

"Shangazi yako," akasema, "baba yake ni nani?"

"Unamjua," Kemunto akajibu. "Ni yule yule."

Nyakundi akaanza kwenye mbao nzito. Onsongo akapanda juu yake, akarudiwa, akarudiwa tena, sasa kwa sauti ya Moriba mwenyewe, kubwa, haiogopi mtu, Onsongo baba wa Susan, Onsongo baba wa Harrison, ikipiga kuta za nyumba zile tulivu na kurudi. Gari la Shangazi Susan lilikuwa linakata kona. Mlango wa mbele ukafunguka, na Mzee Harrison akatokea na soksi tu miguuni.

"Majirani wataita polisi!"

"Waite, Baba!" Kemunto akasema, akamwashiria Moriba aendelee.

Mzee Harrison alisimama pale akisikiliza jina la baba yake, na baridi yote ya Februari ikampita ikaingia sebuleni kwake, na mlango hakuufunga.